Wekundu Chini ya Baraza

Sura ya Tano

Mvua ya kwanza ya msimu ilipita Wirrilah alfajiri na kuondoka bila kuaga, na ilipofika saa tatu asubuhi mji wote ulikuwa ukifuka mvuke kama nguo mbichi chini ya pasi. Mikoko ya mtoni ilionekana imekaa juu ya ukungu, haina mizizi wala matope. Nerida Sproule, mpelelezi wa ofisi inayofuatilia mbao zisizojulikana zilikotoka, alisimama chini ya nyumba ya Mjomba Enosa Dabai akiwa ameinua uso, akaitazama baraza mpya ikidondosha wekundu.

Nyumba ile ilijengwa juu ya nguzo ndefu, kama nyumba nyingi za mtaa ule, na chini yake palikuwa na sakafu ya saruji na kamba za kuanikia nguo. Kwenye kamba hizo vilining'inia vitambaa vya meza vyeupe kumi na viwili. Kila penye upenyo kati ya mbao mbili, mstari wa matone mekundu ulikuwa umeshuka juu ya vitambaa kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa akiandika usingizini.

"Umeona?" aliuliza Dulcie, binti wa Mjomba Enosa, mikono kiunoni. "Nimevifua Jumatatu, nimevipiga pasi kimoja kimoja. Jumamosi wageni wakiniuliza niwaambie nini? Kwamba tulichinja juu ya meza?"

"Punguza sauti, Dulcie," baba yake alimwambia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. "Mbao hazisikii."

"Wewe ndiye uliyesema zinaongea."

"Nilisema haziongei. Hilo ndilo lililonifanya nimwite huyu binti."

Nerida alifungua daftari lake. Alikwisha kusoma malalamiko yote mawili, la mvujo na la sauti, lakini alikuwa na desturi ya kumsikiliza mlalamikaji upya akiwa mahali penyewe. "Nieleze sauti, Mjomba. Taratibu."

Mtaa mzima ulimwita Mjomba, na yeye aliitikia kwa wote. Alipiga saruji kwa ncha ya fimbo, mara moja, kana kwamba anaomba ukimya.

"Nimebeba mizigo Gati Refu miaka thelathini na moja," alisema. "Nilikuwa pale siku meli ya visiwani ilipomshusha Anau, ana miaka kumi na tisa, na mkeka wake begani. Nilikuwa na gunia la sukari. Nilimwona, gunia likaniponyoka. Lilitoa sauti ambayo sijaisahau mpaka leo. Akacheka. Hivyo ndivyo tulivyojuana."

Anau, mkewe, alifariki miaka miwili iliyopita, mwaka uleule ambao Gati Refu lilibomolewa. Lakini kwa watu wa visiwa vya Mlango-Bahari wa Torres msiba haukomi siku ya mazishi. Hukoma siku jiwe la kaburi linapofunuliwa, ndugu wakakusanyika, wakala, wakacheza ngoma mpaka miguu ikachoka. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Nilitaka wajukuu wake wacheze juu ya mbao alizokanyaga aliposhuka," Mjomba Enosa aliendelea. "Basi. Sikuomba kingine. Clarrie Oxenham wa yadi ya mbao alizinunua mbao za gati, akaahidi kutupasulia. Baraza ikaja. Nikaipiga kisigino. Kimya! Kama kumsalimu mtu akakugeuzia mgongo."

Dulcie alitoa cheti kutoka kwenye bahasha. Nerida alikisoma kwa sauti. *Mkaratusi wa gome-chuma. Umetolewa Gati Refu. Hakuna mti uliokatwa kwa kazi hii.* Chini yake palikuwa na sahihi ya Clarrie Oxenham, imepinda kidogo upande wa kulia.

"Maneno ya mwisho niliyataka mimi," Dulcie alisema. "Mama aliwachukia wale wa meli za magogo. Nilimwambia Oxenham mara tatu, kwa maandishi: mti wowote usianguke kwa jina la mama yangu."

Nerida alipiga magoti penye ngazi, pale ambapo ncha ya ubao haikupakwa mafuta. Kwa patasi alichonga kibanzi kisichozidi ukucha, akaomba bakuli la maji. Dulcie alileta lile la bati alilotumia kuoshea mchele. Kibanzi kilitua juu ya maji, kikayumba, kikajizungusha nusu mzunguko huku kikivuta nyuma yake uzi mwembamba wa wekundu. Wote watatu walikitazama. Kikagusa ukingo wa bakuli na kutulia.

"Kinaelea," alisema Mjomba Enosa.

"Ndiyo."

"Kule gatini ubao ukituponyoka majini, tulipiga mbizi kuufuata. Gome-chuma halijui kuelea, binti. Ni zito kama deni la kanisa."

Nerida alikausha kibanzi, akakiweka chini ya kioo cha kukuza. Ndani ya vijifereji vya mti palikuwa na chembe za manjano, nyingi, zilizolala kama unga uliomwagika na kusahauliwa. Gome-chuma halina unga huo. Alimpa Dulcie kioo atazame mwenyewe.

"Kwila," Nerida alisema. "Mti mzuri. Hauozi upesi. Ila haukuwahi kuwa gati."

Mzee alifumba macho. Popo wakubwa waliochelewa kulala waligombana kidogo katika mti wa jirani.

"Kwila ni mti wa ng'ambo," alisema hatimaye. "Kisiwani kwa kina Anau, asubuhi isiyo na ukungu, unaiona pwani ya Papua kwa macho. Babu zake walipata mitumbwi kutoka kule. Walituma maneno kisiwa kwa kisiwa, wakalipa kwa makombe ya bahari mwaka baada ya mwaka, na kila gogo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina. Haya, magogo haya ni ya nani?"

"Sijui bado, Mjomba."

"Kwa hiyo nimewaita wageni waje wakanyage kitu cha mtu."

Nerida aliinuka. Alipanda juu ya baraza akiwa na tepu ya kupimia. Kila ubao ulikuwa na matundu ya misumari, ya duara, yaliyozungukwa na weusi, alama ambayo wanunuzi huitafuta katika mbao za zamani kama watu wanavyotafuta mvi katika ndevu za mshauri. Alilowanisha pamba, akasugua weusi wa tundu moja. Ukatoka. Aliinusa pamba: siki. Alichimba kwa ncha ya patasi. Nusu milimita chini, mti ulikuwa mwekundu, safi, haujawahi kukutana na kutu. Chuma kikilala ndani ya mbao ngumu miaka themanini huzamisha weusi wake mpaka moyoni. Huu ulikuwa umepakwa kwa brashi.

Kisha alipima nafasi kati ya tundu na tundu. Milimita mia nne na hamsini. Mia nne na hamsini. Alitembea na tepu mpaka mwisho wa ubao, akaandika tarakimu zote, akazitazama kwa muda mrefu.

"Ni Clarrie!" Dulcie alisema kutoka ngazini. "Mzee wa watu, kila Krismasi anatuletea keki, kumbe! Sahihi si yake?"

"Sahihi ni yake. Mikono iliyotoboa siijui."

"Sikuombi umfunge mtu," Mjomba Enosa alisema kutoka chini, sauti yake ikipanda kupitia nyufa. "Kufunga ni kazi yenu, fanyeni mkitaka. Mimi nitafutie mbao za gati. Watu wameshakata tiketi za ndege, tanuri la ardhini limeshachimbwa. Siwezi kumwambia Anau asubiri tena."

Nerida alifungua skrubu za ubao mmoja, akaufunga juu ya paa la gari, akaondoka.

*

Yadi ya Oxenham ilikuwa kando ya reli ya zamani ya miwa. Mvua ilikuwa imeamsha harufu zote za mahali pale kwa pamoja: utomvu, mafuta ya mashine, vumbi la msumeno lililolowa. Mabunda ya mbao yalisimama pande zote mbili kama nyumba za mji ambao watu wake wamekwenda kulala mchana.

Clarrie Oxenham, miaka sabini na tisa, alikuwa kwenye benchi mbele ya ofisi akila pai ya nyama. Alivaa miwani myeusi mipana ya watu waliotolewa mtoto wa jicho. Karibu naye alisimama mkwewe, Jarrod Munce, meneja wa yadi, mwanamume wa miaka arobaini mwenye shati la rangi ya chungwa na kalamu mbili sikioni.

"Inspekta Sproule!" Jarrod alisema. "Umekuja kununua au kutukagua?"

"Kupima tu."

"Kupima ni bure. Mzee, sogea, mpe mgeni nafasi."

"Mgeni gani," Clarrie alinung'unika, akisogea. "Huyu nimemjua tangu hajaota meno. Baba yake bado ana randa yangu."

Nerida aliketi. Aliuliza maswali yake kwa mpangilio, akianzia mbali. Mbao za Gati Refu zilifika lini? Agosti ya mwaka huu. Ngapi? Arobaini na mbili. Nani alizipokea?

"Mimi," alisema Clarrie. "Nilizihesabu kwa mkono. Septemba nikaenda kwa daktari wa macho, la kulia kwanza, la kushoto baadaye."

"Nani alizipasua?"

"Mimi," alisema Jarrod. "Kwa nini? Kuna shida gani kwa kina Dabai?"

"Zinavuja wekundu."

Jarrod alicheka kwa wepesi wa mtu aliyeulizwa swali alilolisomea. "Gome-chuma jekundu huvuja, muulize fundi yeyote. Tena hizi tumezipiga randa. Ukichubua ubao wa kale, chini unakuta mpya. Ni kama goti la mtoto. Mvua mbili tatu, utaisha. Waambie waanike vitambaa vyao kwingine."

Sikumtajia mtu vitambaa, Nerida alijisemea, kisha akalifuta: Dulcie angeweza kuwa amekwisha kupiga simu na kufoka. Jibu la randa nalo halikuwa baya, kwa maana mbao za zamani zilizopasuliwa upya huweza kuvuja. Aliliandika.

"Na matundu?"

"Ya misumari ya gati."

"Yote?"

"Yote. Sisi hatutoboi kitu. Watu wa mjini wanayapenda hayo matundu kuliko mbao zenyewe."

"Hatutoboi," Nerida alirudia, akiandika. Kisha aliinuka, akaufungua ubao juu ya paa la gari, akaulaza juu ya viunzi viwili vya kupasulia mbao mbele ya Clarrie. "Mzee Oxenham, macho yanaruhusu? Naomba unipimie nafasi ya matundu haya. Kwa rula yako."

Mji mzima uliijua rula hiyo: ya mti, ya kukunja, kingo zake za shaba zimelika, yenye inchi upande huu na inchi upande ule. Nchi ilikuwa imehamia milimita nusu karne iliyopita. Clarrie alikataa kuhama, na mafundi vijana walikuwa wakimtania kwamba atazikwa katika jeneza la futi sita na robo.

Aliikunjua. Aliinama hadi miwani ikakaribia kugusa ubao.

"Kumi na saba," alisema. "Kumi na saba na robo tatu. Haifiki vizuri." Akahamia tundu la pili. "Kumi na saba na robo tatu, haifiki." La tatu. Akarudi la kwanza, akapima upya. Pai ilikuwa ikipoa benchini. "Mwendawazimu gani alijenga gati kwa inchi kumi na saba na robo tatu kasoro?"

"Lilijengwa kwa ngapi?"

"Kumi na nane! Futi moja na nusu. Baba yangu alikata boriti zake."

"Kwa milimita, Mzee, haya yako mia nne na hamsini barabara. Yote. Ubao mzima, hakuna hata moja lililokosea."

Clarrie aliikunja rula. Aliushika ubao mwishoni, akauinua kidogo, akaushusha. Akauinua tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea mtoto wa kubeba na kukuta blanketi tupu.

"Mwepesi," alisema. "Jarrod, huu mwepesi."

"Mzee, umekauka tu."

"Maisha yako yote hujashika rula ya inchi. Kila wiki nakwambia, nawe unacheka."

Nerida alikuwa amegeukia ukuta wa kibanda cha msumeno. Aliujua ukuta ule tangu utotoni. Ilikuwa desturi ya yadi: aliyevunja msumeno aliutundika pale, akaandika jina lake, tarehe na kazi kwa chaki ya mafuta, na siku hiyo aliwanunulia wenzake wote pai. Misumeno ya duara ilipangana mpaka darini, kama miezi mipevu iliyong'oka meno. Wa mwisho, chini kabisa, uliandikwa: *Jarrod. 9 Septemba. Gati.*

"Ubao mmoja wa gati ulikuwa na misumari mingapi, Mzee?"

"Kumi, kumi na miwili. Nusu yake imekatikia ndani, huioni."

"Mara arobaini na mbili. Misumari zaidi ya mia nne." Alielekeza kalamu ukutani. "Na msumeno uliovunjika ni mmoja."

Upepo mdogo ulipita kati ya mabunda, na misumeno yote ukutani ikagongana polepole, kama vyombo katika nyumba ya jirani. Jarrod aliitazama. Aliondoa kalamu moja sikioni, akairudisha.

"Ulipasua ubao mmoja," Nerida alisema. "Au nusu yake."

"Nusu," alisema Jarrod.

Baada ya hapo alieleza bila kusukumwa, macho yakiwa chini. Meno yaliruka yakapita karibu na shingo yake. Kung'oa misumari kwa mkono kungechukua wiki tano, naye alikuwa amewaahidi kina Dabai tatu, na Mzee alikuwa hospitalini. Bandarini kulikuwa na kontena la kwila lililokwisha kukatwa na kukaushwa, lenye karatasi zake. Alichukua keekee na kipande cha ubao alichotumia kama kielelezo cha nafasi, akatoboa. Siki na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo zikichanganywa huipa mbao weusi wa kutu, alikuwa amezijua tangu chuo cha ufundi.

"Karatasi zilitoka kwa nani?"

Alitaja jina la mtu na la meli. Nerida alimtaka arudie herufi kwa herufi.

"Zilisema msitu gani?"

"Sikuzisoma. Zilikuwa na mhuri. Nani huuliza mti umetoka wapi?"

"Dulcie Dabai aliuliza," Nerida alisema. "Mara tatu. Nakala ninazo."

"Ulinipa karatasi nitie sahihi," Clarrie alisema taratibu, "nikiwa na kitambaa usoni. Ukanishika mkono, ukaniambia: hapa, Mzee, kulia kidogo."

Jarrod alizitoa kalamu zote mbili sikioni, akazitia mfukoni.

"Mbao za gati ziko wapi?" Nerida aliuliza. Ilikuwa saa sita na nusu. "Umezichoma? Umeziuza?"

"Ziko nyuma ya kikaushio cha mbao. Nani angezinunua?"

*

Turubai lilikuwa limefunikwa na majani na mbegu za miti, na chini yake mijusi ilikuwa imeanzisha makazi. Clarrie aliliondoa mwenyewe. Mbao arobaini na mbili zililala kimya, nene kama magodoro, za kijivu kama mvua ya mbali. Upande wa chini zilikuwa na pete nyeupe za viumbe wa bahari waliokwisha kuondoka. Kila tundu lilikuwa na mboni nyeusi iliyoingia ndani ya mti na kutanda kwa kufuata nyuzi. Juu kabisa ulikuwepo ubao wa kwanza. Mkato wa msumeno ulikwenda moja kwa moja hadi katikati, ukakoma kwenye kichwa cha msumari, kama usemi uliokatizwa na hodi.

Clarrie alilaza rula yake. "Kumi na nane," alisema. "Kumi na nane. Kumi na nane na nusu. Fundi huyu alikuwa amelewa. Kumi na nane." Akaendelea kupima zaidi ya ilivyohitajika.

Nerida alichonga kibanzi, akakitupa ndani ya pipa la maji ya mvua. Kilizama papo hapo. Kiliteremka kikipepea kupitia mwanga wa kijani mpaka kikapotea.

"Haziwezi kupasuliwa kufikia Jumamosi," alisema.

"Msumeno hauwezi," Clarrie alijibu. Alikuwa akitafuta kitu kando ya ukuta wa kikaushio, akipapasa. Alirudi na mitaimbo miwili. Mmoja alibaki nao. Wa pili aliunyoosha upande wa mkwewe bila kumtazama. "Kata kata zako zimekwisha. Sasa ng'oa."

*

Ijumaa, jua lilipoanza kuinama, baraza ya kina Dabai ilikuwa imebaki boriti tupu. Wasaidizi wa Nerida walikuwa wameng'oa mbao za kwila moja moja, wakazipa namba na kuzipakia lorini. Zingelala katika ghala la vielelezo mpaka ijulikane ziliota katika ardhi ya nani. Dulcie alisimama akitazama lori likiondoka, na ilionekana kana kwamba alitaka kuziomba radhi.

Mbao za gati zilipangwa uani, juu ya mataruma ya reli, zikiwa zimeinuka shubiri moja kutoka ardhini. Zilikuwa kumi na tisa. Hizo ndizo zilizoweza kutolewa misumari kwa siku moja na nusu na mikono ya watu saba. Clarrie alipendekeza zipigwe randa ya mkono angalau juu, kwa ajili ya nyayo za watoto.

"Sugua vibanzi, basi," Mjomba Enosa alisema. "Kingine acha. Anau hakushukia kwenye mbao zilizopigwa randa."

Kisha alimwona Jarrod, aliyekuwa amepiga magoti mwishoni mwa ubao wa kumi na tisa, viganja vimefungwa vitambaa.

"Wewe ndiye uliyelipima gati letu kwa milimita?"

"Ni mimi, Mjomba."

"Ungeniuliza. Mimi nililipima kwa mgongo." Watu walicheka, na mzee alisubiri wamalize. "Umeng'oa mingapi?"

"Mia moja na sita."

"Misumari hiyo ilimngoja Anau akiwa msichana. Iweke vizuri, usiitupe."

Dulcie aligawa chai kwa kila mtu isipokuwa Jarrod. Baadaye, alipokwisha kuzunguka uani mara mbili na kukosa la kufanya, akampa naye kikombe, hakikuwa na sukari.

Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye tanuri la ardhini lililokuwa likijaribiwa. Kutoka chini ya nyumba zilisikika sauti za wageni wa kwanza, wanawake waliofika kwa ndege ya mchana, wakizungumzia vitambaa vya meza: madoa hayakutoka, kwa hiyo walikuwa wameamua kuvitia rangi nyekundu vyote.

Mjomba Enosa aliinuka kitini. Alitembea hadi kwenye mbao, akavua viatu, akapanda. Alisimama kwa muda pasipo kuzipiga kisigino. Clarrie alivua miwani yake myeusi. Ilionekana kwamba Mjomba Enosa anaogopa kuuliza, akiwa karibu hivyo na jibu.

"Dulcie," alisema, "gunia la sukari liko wapi?"

"Lipi? La wageni? Baba, lile la keki?"

"Limeshonwa. Halitamwagika."

Walilibeba watu wawili, Jarrod upande mmoja na Nerida upande wa pili, wakalitua begani pake na kumsaidia kulishikilia. Alikuwa na miaka themanini na mbili. Aligeuza uso upande wa mtoni, pale ambapo gati lilikuwa, na ambapo sasa palikuwa na ukungu tu uliokuwa ukirudi kulala juu ya maji.

"Niachieni," alisema.

Waliachia. Gunia liliteleza kutoka begani mwake, likaanguka juu ya gome-chuma.

Sauti ilitoka chini, nzito, ya mviringo, ikapita chini ya mbao zote kumi na tisa na kurudi. Ndege walinyamaza kwenye uzio. Chini ya nyumba wanawake waliacha kuzungumza, na mmoja wao, ambaye kwa hakika hakujua lolote kuhusu gunia wala msichana mwenye mkeka begani, akacheka.

Mjomba Enosa aliinua mkono mmoja, mtu yeyote asiseme.

Nerida alifungua daftari. Chini ya jina la meli na la mtu ambaye angemtafuta Jumatatu, aliandika saa, mahali na majina ya waliokuwepo, kwa utaratibu wa ofisi. Kisha akaandika: *Shahidi amezitambua mbao.*